Kuwa Seremala: Mwongozo Kamili wa Chuo cha Ufundi na Uanagenzi

Watu huingia useremala kwa njia mbili. Ya kwanza ni chuo cha ufundi stadi, chenye walimu, michoro, mitihani na cheti. Ya pili ni uanagenzi: unakaa chini ya fundi, unabeba mbao, unafagia maranda, na kidogo kidogo unakabidhiwa msumeno. Ukifuata moja tu unatoka na pengo. Mhitimu wa chuo pekee anaweza kueleza vizuri kwa nini ubao hupinda, lakini mkono wake bado mzito na mteja hana subira. Aliyelelewa karakanani pekee ana kasi na ana jicho, ila akipewa mchoro wenye skeli na mikato anaomba asomewe, na kazi inayodai cheti inampita. Ushauri wangu katika mwongozo huu wote ni mmoja: shika njia zote mbili kwa pamoja kadiri unavyoweza, ili swali lililokukwama karakanani ulipeleke darasani, na ulichosikia darasani ukakijaribu karakanani wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Jua unataka useremala upi

Useremala una matawi. Mashindano ya kimataifa ya ufundi ya WorldSkills yanautenga katika fani tatu zinazoshindaniwa mbalimbali: useremala wa majengo, yaani mapaa na miundo ya mbao, utengenezaji wa milango, madirisha na ngazi, na utengenezaji wa samani na makabati. Fundi wa mapaa anafanya kazi juu, kwenye jua na upepo, akishughulika na uzito na mteremko. Fundi wa makabati yuko ndani, na droo yake ikipishana kwa milimita moja kila anayeifungua anaona.

Misingi ya mwaka wa kwanza ni ile ile kwa wote, kwa hiyo huna haja ya kuapa leo. Lakini fundi utakayemwendea awe wa tawi unaloelekea. Miaka mitatu ya kupaua haitakufundisha kutengeneza droo.

Kabla ya kulipa ada popote, jipime kwa mambo mawili. La kwanza ni hesabu: sehemu, eneo, ujazo, pembe na kanuni ya pembetatu mraba. Seremala hutumia hesabu hizi kila siku. Akitaka kujua kama kona ni ya nyuzi 90, anapima milimita 600 upande mmoja na 800 upande wa pili. Umbali wa mshazari ukiwa 1,000, kona ni sawa. Kama hesabu zilikushinda shuleni, zirudie sasa, maana ukishika mbao utaona zinakwenda wapi na zitakuwa rahisi zaidi. La pili ni afya: mwenye pumu amwone daktari kwanza, kwa sababu vumbi la mbao halikwepeki kabisa.

Hatua ya 2: Chagua chuo kwa kukagua karakana yake

Majengo mazuri na sare hazifundishi kuranda. Omba kuingia karakanani siku ya kawaida ya masomo, si siku ya wageni, uangalie haya.

Kila mwanafunzi ana nafasi kwenye meza ya kazi, au watano wanamtazama mmoja akikata? Shika patasi iliyoachwa mezani uguse makali yake kwa uangalifu. Patasi butu chuoni maana yake ni kwamba hakuna anayefundisha kunoa. Mashine zina vikinga vyake au vimeng'olewa? Kuna mbao za kutosha za kufanyia mazoezi, au mwanafunzi anajinunulia kila kipande? Kisha uliza ratiba: saa ngapi kwa wiki ni za vitendo, na je, chuo kinapeleka wanafunzi kwenye karakana za nje kwa muda gani?

Mwisho uliza kuhusu cheti: kinatolewa na nani, na kinatambuliwa na mamlaka inayosimamia mafunzo ya ufundi katika nchi yako? Usitosheke na jibu la mtu wa ofisini. Nenda kwa mamlaka yenyewe ukaulize.

Hatua ya 3: Tafuta fundi, na fanya naye makubaliano

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko kwenye kuchagua chuo. Walimu chuoni watakuwa kadhaa, na upungufu wa mmoja hufidiwa na mwingine. Fundi wako ni mmoja, na mkono wako utaiga wake, mazuri na mabaya.

Nenda ukaone kazi zake, lakini usiishie kutazama uso uliopakwa vanishi. Inama chini ya meza. Toa droo uitazame nyuma. Fundi anayejali hujulikana pale ambapo mteja haangalii: viungo vimebana, hakuna misumari iliyopigwa kuficha pengo, gundi iliyotoka imefutwa. Angalia anavyohifadhi mbao. Zikiwa zimelazwa juu ya kitu kilichonyooka, zimeinuliwa kutoka ardhini, na kati ya safu na safu kuna vijiti vya unene mmoja vya kupitisha hewa, huyo anaijua mbao. Uliza vijana waliopita kwake wako wapi sasa. Kama wapo wanaojitegemea, anafundisha. Kama kila mmoja aliondoka akijua kupiga msasa tu, jibu umelipata.

Fundi akikubali kukupokea, wekeni makubaliano kwa maandishi, hata ukurasa mmoja. Yaseme muda wa mafunzo, saa za kazi, posho au malipo na lini yataongezeka, vifaa ni vya nani, nani anagharamia matibabu ukiumia kazini, na siku zipi unaachiwa uende chuo. Ongeza jambo ambalo wengi husahau: orodha ya ujuzi utakaofundishwa na takriban lini. Miezi ya mwanzo utafagia, utapanga mbao na utapiga msasa, na hilo ni halali, kwa sababu kupanga mbao kunakufundisha kuzitambua. Lakini mwaka ukiisha hujawahi kukata kiungo hata kimoja, umekuwa kibarua. Orodha hiyo ndiyo itakayokupa pa kuanzia unaposema, kwa heshima, "Fundi, tulikubaliana muda huu niwe nimeanza milango."

Kuoanisha chuo na karakana kuna mifumo iliyokwisha kujengwa. Ujerumani, mwanagenzi wa useremala wa samani hufundishwa miaka 3, akiwa chuoni siku moja au mbili kwa wiki na karakanani siku zilizobaki, na mwishoni hubuni na kutengeneza samani yake mwenyewe kama sehemu ya mtihani. Ufaransa kuna utaratibu wa zamani wa mafundi wanaosafiri mji hadi mji wakijifunza kwa mabwana tofauti. UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2010. Unapoishi hakuna mfumo wa namna hiyo? Uunde mwenyewe. Soma mihula na utumie kila likizo kwa fundi yule yule. Au kaa karakanani mchana na uchukue masomo ya jioni. Au anza na kozi fupi ya misingi ndipo uingie uanagenzi, kisha urudi kumalizia ngazi ya juu. Mpangilio huu wa tatu ndio ninaoupenda kwa anayeanza kutoka sifuri, kwa sababu unaingia kwa fundi ukiwa tayari unajua kunoa na kupima, na fundi hukupa kazi ya maana mapema zaidi.

Hatua ya 4: Nunua vifaa vichache, vikague

Usinunue sanduku zima. Kwa mwaka wa kwanza zinatosha patasi tatu za milimita 6, 12 na 25, randa moja ya urefu wa wastani, msumeno wa kupasulia na msumeno wa kukatia, skwea ya kupimia kona ya nyuzi 90, tepu, kisu cha kuchorea mstari, geji ya kuchora mstari sambamba na ukingo, nyundo ya mbao, na jiwe la kunolea. Miwani ya kinga na barakoa ya vumbi ni sehemu ya orodha hii.

Misumeno miwili ina sababu. Meno ya msumeno wa kupasulia yamechongwa mithili ya patasi ndogo zinazochimba kufuata nyuzi. Ya msumeno wa kukatia yamechongwa kama visu vinavyokatiza nyuzi. Ukikatiza kwa msumeno wa kupasulia, kingo zinachanika.

Skwea ikague kabla ya kuilipia. Iweke kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari, kisha igeuze iangalie upande wa pili na uchore tena kuanzia nukta ile ile. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana kama mkasi, irudishe, kwa sababu kila kitu utakachotengeneza kwayo kitakuwa na kasoro hiyo.

Vifaa vya mkono vilivyotumika si vibaya. Patasi ya zamani yenye chuma kizuri inanoleka na kudumu kuliko mpya ya chuma laini.

Hatua ya 5: Jifunze kunoa kabla ya kujifunza kukata

Mwanafunzi akisema mbao "imemkatalia," mara nyingi tatizo ni makali. Patasi butu inahitaji nguvu, nguvu inaondoa udhibiti, na patasi isiyodhibitiwa ndiyo inayokata mkono.

Anza na upande bapa wa nyuma. Ulaze wote kwenye jiwe usugue hadi eneo lililo karibu na ncha ling'ae sawasawa. Kazi hii hufanywa mara moja katika maisha ya patasi. Kisha upande wa mshazari: pembe ya kuchongea huwa takriban nyuzi 25, na pembe ya kunolea nyuzi 30, ili makali yenyewe yawe na mgongo kidogo wa kuyashikilia. Sugua kwa pembe moja bila kuyumba hadi uhisi kwa kidole, upande wa nyuma, kinyuzi chembamba cha chuma kimejitokeza upana wote wa makali. Kisipojitokeza, hujafika, hata kama umesugua muda mrefu. Kikijitokeza, hamia jiwe laini zaidi, kisha geuza na ulaze nyuma ili ukiondoe. Huna mawe? Karatasi za msasa wa maji zilizobandikwa juu ya kioo kinene zinafanya kazi ile ile.

Kipimo cha makali ni kukata ncha ya ubao laini, kama msonobari, kukatiza nyuzi. Uso ukitoka laini na unang'aa, patasi iko tayari. Nyuzi zikivunjika na kuacha vishimo, rudi jiweni.

Hatua ya 6: Nyoosha ubao mmoja kwa mkono

Utakuta mashine inayofanya kazi hii kwa dakika chache. Ifanye kwa mkono hata hivyo, tena na tena, hadi izoeleke, kwa sababu ndiyo inayofundisha jicho.

Chagua uso bora wa ubao. Weka fito mbili zilizonyooka, moja kila mwisho, kisha inama utazame juu ya fito hizo. Zikionekana sambamba, ubao haujapota. Moja ikiinuka upande, hapo ndipo pa kuranda kwanza. Piga randa hadi uso unyooke, ukiangalia nyuzi zinapoelekea. Randa ikirarua, geuza ubao. Tia alama ya penseli: huu ndio uso wa kwanza. Kutoka hapo nyoosha ukingo mmoja uwe wa nyuzi 90 na uso huo, nao utie alama. Sasa chora upana kwa geji ukianzia ukingo wenye alama, uondoe ziada. Chora unene ukianzia uso wenye alama, uondoe ziada. Mwisho kata ncha.

Sheria ya kushika ni kwamba vipimo vyote vinaanzia kwenye uso na ukingo wenye alama. Ukianza kupima mara huku mara kule, makosa madogo yanajumlishana, na fremu inakataa kufunga wakati gundi imeshapakwa.

Hatua ya 7: Elewa mbao inavyoishi

Mbao hupokea na kutoa unyevu maisha yake yote. Ikipata unyevu inatanuka, ikikauka inasinyaa, na haifanyi hivyo sawasawa: kwa urefu karibu haibadiliki, kwa upana inabadilika sana, na mwelekeo unaofuata pete za mti husinyaa kwa takriban mara mbili ya mwelekeo unaotoka kiini kwenda gome. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ubao ujikunje.

Unyevu hupimwa kwa asilimia ya uzito mkavu. Pima kipande kidogo, kikaushe kabisa kwenye joko, pima tena. Kikitoka gramu 230 hadi 200, tofauti ni 30, gawanya kwa 200: kilikuwa na asilimia 15. Samani za ndani kwa kawaida hutaka asilimia 8 hadi 12, na sehemu zenye hewa ya unyevunyevu huwa juu kidogo ya hapo. Mbao inayokaushwa kwa hewa hukadiriwa mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo muuzaji akikuambia ubao mnene uliopasuliwa majuzi "umekauka," pima.

Weka hili kwenye hesabu. Ubao wa meza wenye upana wa milimita 300, unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 4, unaweza kutanuka au kusinyaa kwa karibu milimita 3. Ukiwa umeufunga kwa gundi na skrubu pande zote, utapasuka. Ndiyo maana uso wa meza hufungwa kwenye fremu kwa skrubu zilizo ndani ya matundu marefu, au kwa vishikizo vya mbao vinavyoteleza, na ndiyo maana ubao wa katikati ya fremu ya mlango hukaa ndani ya mfereji bila gundi. Hapa chuo kinakusaidia kuliko karakana: mafundi wengi hufanya hivyo bila kueleza sababu, na anayejua sababu anaweza kuamua mwenyewe anapokutana na kazi asiyoizoea.

Jifunze pia tabia za mbao mojamoja. Mtiki una mafuta yanayozuia gundi kushika vizuri na chembe za silika zinazofanya makali yawe butu upesi. Msonobari ni rahisi kukata lakini hupasuka misumari ikipigwa karibu na ncha bila kutobolewa kwanza.

Hatua ya 8: Viungo, kwa mpangilio

Anza na kiungo cha kukata nusu kwa nusu, kisha ulimi na tundu, ambapo ncha iliyochongwa ya kipande kimoja huingia katika tundu la kingine, kisha kile cha droo chenye umbo la mkia wa njiwa. Cha katikati ndicho kilichobeba milango, meza na viti, kwa hiyo kaa nacho muda mrefu.

Ulimi huwa takriban theluthi moja ya unene wa mbao, ukirekebishwa kidogo ulingane na patasi uliyo nayo. Chora mistari kwa kisu, si penseli, maana mkato wa kisu unampa msumeno na patasi pa kukaa. Chimba tundu kwanza, ndipo ukate ulimi uufuate. Ni rahisi kupunguza ulimi kuliko kurekebisha tundu. Kata ukiacha mstari upande unaobaki. Kisha jaribu bila gundi. Ulimi uingie kwa mkono au kwa kugongwa kidogo. Ukihitaji nyundo kubwa, utapasua kipande cha tundu. Ukichomoka wenyewe, usitegemee gundi nyeupe ya mbao ikuokoe, kwa sababu hushika nyuso zinazogusana na haijazi pengo.

Vitu vya kutengeneza vifuate ugumu: fremu, kisanduku, kigoda, kabati dogo lenye mlango, kisha droo. Fremu ipime mishazari yote miwili kabla gundi haijakauka. Ikilingana, imekaa sawa.

Hatua ya 9: Mashine, vumbi na masikio

Usiguse mashine mpaka fundi au mwalimu amekuonyesha na amekutazama ukiitumia. Msumeno wa meza uwe na kisu cha nyuma kinachozuia mbao isibane diski ya msumeno, kwa sababu mbao iliyobana hurushwa nyuma kwa nguvu kumwelekea aliyesimama. Simama pembeni ya njia hiyo. Vipande vidogo sukuma kwa kijiti. Usivae glavu wala mikono mirefu inayoning'inia karibu na kitu kinachozunguka. Kitambaa kikinaswa, mkono unafuata. Unapobadilisha diski ya msumeno, chomoa umeme kabisa.

Vumbi halionekani kuwa hatari kwa kuwa halitoi damu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, hasa ya pua. Vaa barakoa inayochuja chembe ndogo kila unapopiga msasa, na usifagie vumbi likiwa kavu. Kelele inayofikia desibeli 85 kwa siku nzima ya kazi huharibu masikio taratibu. Ziba masikio tangu siku ya kwanza. Na matambara yaliyofutia mafuta ya kitani yatandazwe yakauke nje au yatiwe ndani ya maji. Yakirundikwa huweza kupata joto na kuwaka yenyewe.

Hatua ya 10: Daftari, mtihani na cheti

Kila wiki andika: kazi, aina ya mbao, kiungo, muda uliotumia, kilichoshindikana na sababu. Piga picha viungo kabla ya kuvifunga, kwa sababu kazi iliyokwisha inaficha ubora wake. Mwombe fundi atie saini. Vyuo vingi hudai daftari hilo, na hata chako kisipodai, ndilo litakalokutetea mbele ya mwajiri.

Mtihani wa vitendo una saa. Fanya mazoezi ya mchoro mzima kwa muda uliowekwa, kuanzia kusoma mchoro na kuandika orodha ya vipande. Wengi huanguka kwa kuanza kukata mapema. Na wewe uliyekwisha kukaa karakanani miaka bila cheti, uliza kuhusu kupimwa ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Nchi nyingi zina utaratibu huo, na mara nyingi utatakiwa kusoma pale tu penye pengo.

Hatua ya 11: Kazi yako ya kwanza ya kujitegemea

Ukipata cheti, usikimbilie kufungua karakana. Ukae tena kwa fundi, safari hii kama msaidizi anayelipwa, na umwombe akushirikishe katika kukadiria bei na kuongea na wateja. Hayo hayafundishwi mezani.

Kadirio linaanza na orodha ya kila kipande na vipimo vyake. Ongeza asilimia 15 hadi 20 kwa upotevu wa mbao, kisha bawaba, vitasa, skrubu, gundi, msasa na vanishi, kisha saa zako kwa mujibu wa daftari na si kwa matumaini, usafiri, na uchakavu wa vifaa. Omba malipo ya awali yanayotosha kununua vifaa vyote, na andika tarehe utakayoweza kuitimiza.

Uwazi wa mlango pima upana juu, katikati na chini, urefu kushoto na kulia, na mishazari yote miwili. Fuata kipimo kidogo kuliko vyote. Majira yakibadilika baada ya kukabidhi, rudi kwa mteja ukague. Mlango uliobana punguza ukingo kwa randa bila malipo, na uandike kwenye daftari ulikuwa wa mbao gani na uliingia karakanani ukiwa na unyevu wa asilimia ngapi.